Dereva wa Mikono Mapajani

Chumbageni, Tanga
5 Mei 2025

Baba Najat,

Salaam zangu na za mwanao zikufikie ukiwa mzima. Sisi huku tunaendelea. Najat ameota jino la pili, na la kwanza amelijaribia kwenye ziwa langu. Nilipiga kelele mpaka jirani, Mama Precious, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeingiliwa na mwizi.

Barua hii nampa Mzee Mwinyijuma, yule anayewaletea samaki hapo kambini kwenu. Kampuni yenu imewanyang'anya simu mpaka mkataba uishe, na ile simu ya mlinzi ya Jumapili mimi inanitia haya, maana mlinzi anakohoa pembeni kama mkwe. Basi tuandikiane kama wazee wetu. Kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili utanisamehe.

Mume wangu, nina neno. Mzee Mwinyijuma anasema alikuona Pongwe, ndani ya lori jipya jeupe. Nikafurahi, nikamwuliza, "Anaendesha vizuri?" Akacheka. "Mwanangu, mumeo kakaa kama bwana harusi, mikono mapajani." Nikasema labda lori lilikuwa limesimama. Akasema, "Lilikuwa linakwenda, tena linakwenda hasa."

Sabiri, ulipoondoka hapa uliniambia umeajiriwa udereva. Kama wamekushusha ukawa utingo, nambie. Utingo naye anakula kwa jasho lake. Mimi sikuolewa na usukani. Ila usinifiche, maana mtu akifichwa dogo huanza kutafuta kubwa.

Mimi sina jipya. Nipo tu nyumbani na mtoto.

Mkeo,
Mboni

*

Kambini, nje ya Pongwe
8 Mei 2025

Mama Najat,

Wa aleikum salaam. Nimefurahi jino.

Mimi ni dereva. Kiti nilichokalia ni cha dereva, na leseni iliyoombwa ni ya dereva. Huyo mzee mwambie auze samaki aache kuchungulia vioo vya watu. Kuhusu kazi yenyewe nimetia sahihi kwamba sitaisimulia, hata kwa mke. Usinivute ulimi.

Sasa na mimi nina neno. Jana asubuhi nilimbembeleza mlinzi, akanipa simu nikakupigia. Kapokea Mama Precious. Ananiambia umetoka, hajui utarudi saa ngapi, simu umemwachia yeye. Nyuma yake namsikia Najat analia. Mboni, umekwenda wapi bila simu na bila mtoto anayenyonya?

Barua zako zifunge kwa uji mzito. Hii ilifika ikiwa imeachia upande mmoja, na sijui ni joto au ni mtu.

Sabiri

*

Chumbageni
12 Mei 2025

Baba Najat,

Nilikwenda sokoni Mgandini, foleni ya mchele wa bei nafuu. Simu niliiacha kwa kuogopa vibaka. Mtoto nilimwacha kwa kuogopa jua. Ndiyo hayo tu.

Lakini umenijibu kwa ukali, na ukali wako naujua. Ukiwa na haki huwa unacheka. Hukuniambia kama mikono ilikuwa mapajani au haikuwa. Umeniambia habari za kiti! Hata abiria ana kiti.

Uji nimeupika mzito kama wa msibani. Atakayeifungua hii, nawe ndugu, salaam aleikum, tuachie siri zetu.

Najat anasema "ba ba ba". Mama Precious anasema watoto wote husema hivyo. Mimi nasema anakuita.

Mboni

*

Chumbageni
13 Mei 2025

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako Khadija. Nimekuja mjini kutoka Ushongo kwa ajili ya matibabu ya jino, nimefikia kwa mkeo, na amenipokea vizuri, sina la kumlaumu kwa chakula.

Lakini kaka, mimi nasema nilichokiona, sisemi nilichokisikia. Wifi yangu kila siku ya kazi, akishapika uji wa mtoto, anajifunga mtandio mzuri, anamkabidhi mtoto kwa Mama Precious, anaondoka. Nikamwuliza, "Wifi, wapi?" Akasema, "Sokoni." Soko gani la kila siku, mtu anarudi na kikapu kitupu na macho mekundu?

Nikamfuata. Si mbali, hapahapa Chumbageni, nyumba ya ghorofa moja yenye geti la chuma, mapazia mazito madirishani hata mchana. Akagonga. Kafungua mwanamume, kijana nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mtu unajikata. Wakasalimiana kwa jina, kaka! Wifi kamwita Innocent. Wakaingia, mlango ukafungwa. Adhuhuri Mama Precious akampeleka mtoto pale getini, mama mtu akatoka, akanyonyesha kwenye kizingiti, akarudi ndani.

Huenda ni jambo la heri. Lakini jambo la heri halina pazia.

Usiniambie nimekuvunjia ndoa. Nimekuletea macho yangu tu.

Mdogo wako,
Khadija

*

Kambini
17 Mei 2025

Mboni,

Nimekaa na kalamu tangu alasiri. Nimeamua hivi: nitakutolea siri yangu, kisha unitolee yako. Nikifukuzwa kazi kwa barua hii, basi nifukuzwe nikiwa nimejua ninakorudi.

Mzee Mwinyijuma hakukosea. Lori linajiendesha lenyewe. Lina macho kila pembe, yaani kamera, na ndani kuna kompyuta inayokata kona, inayopunguza mwendo, inayowasha taa. Mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva mikono mapajani, nikingoja. Kengele ikilia ndipo nishike usukani. Nikishika kabla ya kengele, ni kosa, na jioni naulizwa kwa nini. Tunakwenda Muheza na kurudi, Segera na kurudi, mimi na lisilo na roho. Miaka yangu yote barabarani, sasa kazi yangu ni kujizuia. Utingo ana heshima kuliko mimi, angalau anafunga turubai.

Na nikuambie linalonikosesha usingizi. Desturi ya barabara unaijua: gari likiharibika, watu wanakata matawi wanayapanga juu ya lami nyuma yake, ili anayekuja ajue mbele kuna jambo. Juzi tunateremka kabla ya Muheza, nikayaona matawi. Lori halikupunguza. Likayapanda, yakalia chini ya tairi. Mbele fuso limekufa njiani. Lilipoliona fuso lenyewe ndipo likafunga breki, meno yangu yakagongana. Kengele ikalia tumeshasimama! Nilimwuliza kijana wa kompyuta wa hapa kambini, akasema, "Yale majani tu, mzee. Mashine inajua majani hayaumizi."

Hiyo ndiyo siri yangu, yote. Sasa yako.

Innocent ni nani?

Sabiri

*

Chumbageni
19 Mei 2025

Mume wangu,

Kabla ya Innocent, kabla ya lolote: yale majani ni mimi.

Nisikilize hata kama umekasirika. Ile nyumba yenye geti ni ofisi. Tuko wasichana na kina mama, kila mmoja na kompyuta yake. Zinaletwa picha za barabarani, moja baada ya nyingine, na sisi tunachora kisanduku kuzunguka kila kitu na kukipa jina. Mtu. Gari. Baiskeli. Mnyama. Alama ya barabarani. Mti na majani. Innocent ndiye msimamizi wetu. Anasema picha hizi ni za kuifundisha mashine kuona. Mashine gani, hakusema. Nilitambua tu kuwa barabara ni zetu, maana nawaona wauza machungwa wa Muheza. Mapazia ni ili jua lisiingie kwenye kioo. Simu haziruhusiwi. Macho yanakuwa mekundu kwa kutazama, si kwa kingine.

Matawi juu ya lami yamenijia mara nyingi. Kompyuta inauliza hiki ni nini, mimi nikaona majani, nikajibu majani. Sabiri, nimeyaona matawi hayo tangu utotoni nikiwa ndani ya basi, na nikiyaona moyo huwa unajua. Lakini kwenye kioo yanakaa madogo, kama mchicha uliomwagika. Nilidhani ni upepo. Wenzangu wote nao wanaandika majani. Basi mashine imefundishwa kwamba yale ni kama nyasi za kando ya njia.

Kwa hiyo usiiamini. Ukiona matawi, shika usukani. Ya kengele achana nayo. Waache wakuulize jioni, mradi jioni uwepo.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Na mimi nilitia sahihi. Na wewe ulisema nisitafute kazi mpaka Najat aache ziwa. Nilitaka ukirudi unikute mtu mwenye kazi, ufurahi kwanza ndipo ugombe.

Shika usukani. Narudia.

Mboni

*

Kambini
22 Mei 2025

Mboni,

Nimeisoma barua yako mbele na nyuma.

Nimekwambia habari za mashine, na wewe kwa barua inayofuata umekuwa mwalimu wa mashine. Ningekwambia nauza samaki, ungesema wewe ndiye bahari.

Mara ya kwanza ilikuwa soko la Mgandini, mchele, vibaka, jua. Uliniapia kwa maandishi yaleyale mazuri. Sasa ni ofisi. Kesho itakuwa nini? Kama kweli kuna ofisi, mbona Khadija aliyelala chumba kimoja nawe hakuambiwa? Na kama Innocent ni msimamizi tu, yeye ndiye atakuwa amekupa maneno haya ya majani na visanduku, ili unipe mimi, ili nishike usukani kabla ya kengele nifukuzwe. Mtu anayemtaka mke wa mtu huanza kwa kumharibia mume kazi.

Sijasema nimeamini hivyo. Nasema ndivyo mtu anavyowaza akiwa amekaa kutwa mikono mapajani.

Usiandike mpaka nikuandikie.

Sabiri

*

Chumbageni
24 Mei 2025

Baba Najat,

Umenikataza kuandika, naandika. Ukirudi utanigombeza kwa yote pamoja.

Khadija sikumwambia kwa sababu yeye ukimnong'oneza Chumbageni, Ushongo wanakuitikia. Unamjua dada yako.

Hunipi nafasi ya kuapa, basi sitaapa. Nitakuambia nilichokiona. Juzi ilinijia picha, halafu nyingine, halafu nyingine, zote za mahali pamoja. Lori limesimama katikati ya barabara kwa ajili ya kuku. Kuku mmoja, jogoo mwekundu, hataki kuondoka. Nikachora kisanduku, nikaandika mnyama. Picha inayofuata, jogoo yuleyule. Halafu akaja mwenye jogoo, bibi mmoja kajifunga kanga ya kijani, fimbo mkononi. Hakumfukuza jogoo. Kamnyooshea fimbo dereva! Uso wake ulikuwa umefifizwa kama wanavyofanya, lakini mdomo wa mtu anayetukana unaujua hata ukifunikwa. Halafu akasogea karibu kabisa na kioo akachungulia, nadhani akaona mikono ya dereva iko wapi, maana picha ya mwisho bibi anakimbia, jogoo yuko kwapani.

Je, hukuwa wewe? Je, ulimsimulia mtu?

Sabiri wangu, usiniamini mimi ukitaka. Nichukie mpaka mkataba uishe. Lakini nichukie mikono yako ikiwa juu ya usukani.

Najat anakohoa kidogo, si sana. Nimempaka mafuta ya nazi kifuani.

Mboni

*

Kambini
30 Mei 2025

Mama Najat,

Barua yako ya mwisho Mzee Mwinyijuma alinipa Jumatatu. Sikuifungua. Niliitia mfuko wa shati nikasema itakaa humo mpaka hasira ishuke.

Jana tunateremka palepale kabla ya Muheza, kwenye kona, mvua imetoka kunyesha. Nikayaona matawi. Yalikuwa ya mwembe, mabichi, yamepangwa vizuri na mtu mwenye adabu. Kengele kimya. Lori linakwenda zake kama halikuona kitu. Mboni, sikufikiri habari zako, wala Innocent, wala kazi. Mimi nilikuwa nimekununia, ila mkono haukununa. Ulishika wenyewe. Nikafunga breki, nikalivuta lori kando mpaka tairi likazama topeni.

Nyuma ya kona Coaster imekatika ekseli. Abiria wameteremka, wamesimama juu ya lami, maana kando ni maji. Wote wanawake, wanatoka kwenye maziko, na watoto migongoni. Mmoja alikuwa amechutama anamfunga mwanawe kiatu. Alinyanyua uso, akatazama lori lilipoishia, kisha akaendelea kufunga kiatu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Jioni nikaitwa. Mkubwa wa kambi akaniuliza, "Mkono wako ulitangulia kengele. Kwa nini?" Nikasema nimeona matawi. Akasema, "Wenzako nao waliwahi kuyaona, hawakushika. Nani kakwambia mashine haiyajui?" Hapo nikamtazama. Mimi sikuwa nimesema kwamba mashine haiyajui. Kumbe wanalijua hilo, na wanataka kumjua aliyelitoa. Nikasema sijaambiwa na mtu, mimi ni dereva. Hakuniamini, na mimi sikumwamini, tukaagana vizuri.

Nilipotoka ndipo nikaifungua barua yako. Nikamkuta jogoo.

Nilikuwa mimi. Sikumsimulia mtu, nani atasimulia aibu ile? Yule bibi alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi atakayoishika mama wa mwanangu.

Sasa mambo ni haya. Wamenikalisha kambini. Wanasema mashine inarekebishwa, na Jumatatu nirudi kitini, mikono mapajani, na safari hii nikishika kabla ya kengele mkataba umekwisha. Mimi naiona mashine kwa nje tu. Wewe ndiye uliye jikoni kwake. Kwa hiyo nakuuliza wewe: nirudi au nisirudi? Utakachosema ndicho nitakachofanya.

Sitakudanganya, Mboni. Barabarani nimekuamini. Nyumbani bado najifunza. Lakini swali hili sijamwuliza mtu mwingine.

Sabiri

*

Chumbageni
31 Mei 2025

Mume wangu,

Alhamdulillahi. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikasoma tena. Yule mama wa kiatu nimemwombea, ingawa simjui.

Swali lako sikutaka kulijibu kwa moyo, maana moyo wangu jibu lake unalijua. Nikaenda ofisini nikatazame. Leo Jumamosi tumeitwa wote. Kwenye orodha yetu limeongezwa jina jipya, "onyo la barabarani", na Innocent katuambia matawi yakiwa juu ya lami tuyape jina hilo. Nikafurahi, asubuhi yote nikayachora kwa raha. Halafu nikamwuliza, "Na yale ya zamani, tuliyoyaandika majani, tutarudishiwa tuyasahihishe?"

Akasema, "Za zamani zimeshapita."

"Zimeshapita zimekwenda wapi?"

Akaniuliza polepole, "Mboni, nani kakwambia kuna tatizo la majani?" Nikamjibu nimezaliwa Tanga, nimepanda mabasi. Ananitazama tofauti tangu hapo, na leo mkoba wangu ulipekuliwa getini. Basi na mimi nashukiwa. Tumekuwa sawa.

Kwa hiyo sikiliza. Mashine imeambiwa mara chache kwamba matawi ni onyo, na mara nyingi kwamba ni nyasi. Nani atamshinda mwenzake, mimi sijui, Innocent hajui, na nadhani hata mkubwa wako hajui. Wanataka kujua kwa kukukalisha wewe mbele.

Usirudi.

Najua ninachosema. Leseni yako ipo, magari yenye usukani wa kushikwa bado ni mengi, na Mungu hakufunga barabara. Mimi nitabaki pale ofisini mpaka wanitoe, na kila tawi litakalopita mbele ya macho yangu nitaliandika onyo. Nimewaambia na wenzangu. Wamekubali, hata yule mvivu wa pembeni.

Ila nina ombi moja, na ni zito kuliko kuacha kazi. Ukija, mtoto tusimpe tena Mama Precious. Kaa naye wewe, mpaka upate lori. Adhuhuri umlete pale getini anyonye. Usisimame mbali, usijifiche upande wa pili wa barabara kama mtu aliyetumwa. Kaa kwenye kizingiti, mchana kweupe, na mwanao mapajani. Khadija atapita, majirani watapita, Innocent atafungua akukute. Atakayekuuliza unafanya nini hapo, mwambie unamsubiri mkeo atoke kazini.

Wako,
Mboni